Wufa ya Inchi Kumi na Nane

Tarehe 2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shangazi yako. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto limegoma tena. Wewe je? Ile homa imeisha kabisa? Usinifiche.

Kadi ya memori uliyojirekodi sauti imefika. Nimeisikiliza mara mbili kwenye spika yangu ya mezani, na shangazi yako amecheka mpaka akakohoa pale unapomwigiza mwalimu wa anatomia.

Sasa sikia vituko vyangu. Mwenye ukumbi wa sherehe anataka wufa, ile spika ya midundo mizito, ya inchi kumi na nane, halafu anataka boksi dogo kama stuli, eti lisile nafasi. Nikamwambia, bwana, koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikiwa kubwa hivyo ukiibana haipumui. Itabwabwaja noti moja tu, buu, buu, hadi wageni waumwe kichwa. Inataka boksi kama kabati. Akanuna, akakubali. Nimelimaliza jana, zuri ajabu! Ila usicheke: nimeliundia ndani ya karakana na halipiti mlangoni. Miaka thelathini na moja ya ufundi, nasahau kupima mlango! Sasa linakaa hapa mpaka nibomoe ukuta kidogo.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, homa imekwisha.

Nimecheka hadi machozi. Wufa mbili za inchi kumi si zingetosha? Koni ndogo ni nyepesi, inafuata maneno. Hilo likoni lako ni zito na vivu. Baba wa bibi harusi akisimama kutoa nasaha, nani atamwelewa? Tena zingepita mlangoni.

Huku masomo yananibana, wiki ijayo tunaanza zamu wodini. Ila bweni ni kimya kabisa, nasoma vizuri. Kadi nyingine hii hapa. Msalimie Shangazi.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Uzima upo? Nijibu hilo kwanza. Simu yako haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi, yule yule anayetupelekea barua zetu, akukabidhi mkononi kesho.

Kuhusu maneno ulisema kweli. Ndiyo maana sauti za watu nimezipa spika ndogo juu ya boksi, ile kubwa ibebe midundo mizito tu. Jana nikataka kujua kama zinakwenda pamoja. Sauti gani naijua kuliko yako? Nikaweka kadi yako mpya.

Ukaanza, “Shikamoo Baba, huku bweni kimya,” na chini ya maneno yako karakana nzima ikaanza kutetemeka. Misumari ikacheza kwenye kopo. Nikadhani nimekosea waya. Nikaweka kadi ya muziki, safi. Nikarudisha yako: puu, puu, puu. Shangazi yako akaziba mdomo kwa kanga.

Spika yangu ya mezani ina wufa ya inchi sita. Mngurumo mzito namna ile unataka kusukuma hewa nyingi, na koni ndogo haiwezi hata ikijitahidi vipi. Mngurumo ulikuwemo siku zote, mimi nilikuwa siusikii. Nikapiga kadi zako zote kumi na moja. Zote, mwanangu! Hilo ni feni la kiwandani, kubwa, nyuma ya ukuta unaolalia. Niliwahi kufanya kazi kando ya moja kabla hujazaliwa. Bweni gani hilo? Umenidanganya karibu mwaka mzima. Nimelia mbele ya dada yangu bila aibu.

Hayo tutagombana baadaye. Kadi za mwanzo feni linapiga sawa. Ya Januari linachechemea kidogo. Hii ya Machi linagonga kila mzunguko. Beringi imekwisha na shafti, ule mhimili unaolizungusha, inayumba; siku yoyote litang'oka. Toka kwenye chumba hicho leo, usingoje kufungasha.

Baba yako


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Dereva ameapa alikupa barua mkononi. Sasa simu inaita na hupokei. Nimepiga chuoni. Wameniambia jina lako waliliondoa Mei mwaka jana. Nilikaa chini sakafuni, mwanangu.

Sitaki maelezo. Feli mara mia, wewe ni wangu. Weka kiganja ukutani tu, utanielewa. Halafu toka. Nijibu hata kwa tusi.

Baba yako


Tarehe 31 Machi

Shikamoo Baba,

Ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ulitaka lianze. Sijaumia popote.

Ni kweli yote. Nilifeli mara mbili, wakanitoa. Nikaona aibu kurudi kwa mtu aliyewatangazia wateja wote kwamba binti yake atakuwa muuguzi. Nipo kiwanda cha nyuzi, na chumba tunapewa humo humo. Yule mwalimu wa anatomia aliyemchekesha Shangazi ni msimamizi wa zamu yetu. Feni nilishalizoea, Baba. Haki ya Mungu nilikuwa silisikii tena. Niliposema kimya sikuona kwamba hapo nasema uongo.

Barua yako ya kwanza kuhusu feni ilinikasirisha sana. Niliona umenipeleleza. Sikugusa ukuta, kwa ukaidi tu, nikaendelea kulala pale pale siku tisa, kichwa kikiuelekea. Jana mchana dereva, ambaye nilimwomba zamani asikwambie nilipo, akaleta ya pili. Mwenzangu wa chumba alikuwa kazini. Mimi nikachukua daftari nikatoka uani, nikakaa kwenye marobota, maana sikutaka kukuandikia nikiwa mbele ya ukuta ulionisema kwako. Nilitaka nikujibu vizuri, nikuumize.

Sikusikia mlio, Baba. Nilihisi ardhi imenipiga chini ya miguu. Vumbi likatoka mlangoni kwetu. Watu wakakimbia, na mimi nikakimbilia ndani nikiwa bado na kalamu. Ukuta haupo. Panga la feni, refu kuliko mimi, limelala kitandani kwangu. Limekata mto na godoro na mbao za kitanda, limekwama sakafuni. Nililitazama tu. Msimamizi alikuwa ananitikisa bega akiniuliza nani alikuwa humu.

Hakuna aliyeumia. Nakuja Ijumaa kwa basi.

Ile barua niliyokuwa naiandika nimeikunja humu. Nisamehe, lakini isome. Ina mistari minne na nusu. Wa mwisho unasema, “Baba, niache na maisha yangu, mimi si”.

Mwanao