Ijumaa Isiyo na Mechi

Sorrel, 2 Septemba

Baba mpendwa,

Nakuamkia. Natumaini goti lako limepoa na mvua za huko hazijaanza kukufungia ndani. Sisi hatujambo. Hattie anahesabu hadi ishirini sasa, ila kumi na nne haitaki kabisa, anairuka kama dimbwi. Wade mzima. Mimi miguu imevimba na tumbo linatangulia mlangoni kabla yangu, lakini mtoto anacheza vizuri. Ngano imeshavunwa yote na vumbi limetulia, mtu anaweza kuanika nguo.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mara tisa tangu Juni. Najua umenuna, na mkweo Wade naye amenuna, na mimi niko katikati kama mama anayevutwa mikono na watoto wawili dukani. Baba, siku ya kuzaliwa ya Hattie ulimwambia Wade mbele ya keki, "Timu yenu ni ya kutazamwa na ng'ombe, na televisheni hailipii macho ya ng'ombe." Ungesema mwaka mwingine tungecheka wote. Tumetaniana tangu nilipoolewa huku, ninyi Mabaharia wa Hadley, sisi Wavunaji wa Sorrel. Lakini wiki ile ile Duane, dereva mwenzake wa lori la timu, alikuwa amepunguzwa kazini. Chuo chenu cha Hadley kilipoihama ligi yetu kufuata pesa za televisheni za mashariki, na vyuo vingine vikakifuata mbio, chuo chetu kikabaki hakina ligi wala pesa za televisheni, na lori la vifaa likabaki na dereva mmoja. Ndiyo maana Wade aliweka uma chini akaenda kukaa ndani ya lori mpaka ulipoondoka. Haikuwa dharau, Baba. Ilikuwa hofu.

Haya, sikutaka kuanza na hayo. Nilitaka kukupa tarehe. Nitazaa kwa upasuaji tena, Ijumaa tarehe 11 Oktoba. Daktari mpasuaji huja hospitali yetu Ijumaa moja kila wiki mbili, akaniuliza nataka ipi, nami nikatoa ratiba ya mpira kwenye mkoba. Wewe unajua watu wa hapa, arusi, ubatizo, hata maziko, kwanza mtu anatazama ratiba. Wiki hiyo timu haichezi, kwa hiyo Wade atakuwa nyumbani. Daktari alinishangaa, yeye ni wa mjini, lakini nesi alinipigia makofi. Ana watoto watatu, wote wamezaliwa wiki za mapumziko.

Ulikuwa unakuja mara mbili kwa mwaka, siku ya Hattie na siku ya mechi yetu na yenu. Mechi yenyewe mwaka huu haipo, wakubwa wameifuta. Basi njoo umwone mtoto. Sitaki kitu kingine.

Mwanao,
Kenzie

---

Hadley, 11 Septemba

Mwanangu Kenzie,

Barua nimeipata. Nafurahi kusikia mnaendelea vizuri. Goti ni lile lile. Mvua ni ya manyunyu, haijawa mvua ya kuitwa mvua. Nakula vizuri, usianze kuniuliza nakula nini.

Simu sipokei kwa sababu masikio yamechoka, si kwa hasira. Haya, na hasira kidogo. Nilimtania Wade. Mtu mzima anayeendesha lori la matairi kumi na manane hawezi kubeba utani mmoja? Angenijibu. Mimi nilimsubiri anijibu, akanionyesha mgongo.

Oktoba sitaweza. Jumamosi ya tarehe 12 Mabaharia wako nyumbani, wageni wanatoka upande wa pili wa nchi, saa sita kamili mchana, televisheni ya nchi nzima. Unajua mimi na mama yako tuna viti vile miaka thelathini na moja, na sijakosa mechi ya nyumbani hata moja, hata mwaka aliofariki. Kiti hakikaliwi kwa barua. Wade atakuwepo, nesi wa wiki za mapumziko atakuwepo, mimi nitakuja mambo yakitulia.

Nimemtumia Hattie samaki wa kukaushwa. Mwambie kumi na nne inakuja baada ya kumi na tatu, haina hila yoyote.

Baba yako

---

Sorrel, 27 Septemba

Baba,

Salamu. Natumaini u mzima. Hattie amekula samaki wote, hata mimi sikuonjeshwa.

Nakuandikia haraka. Ratiba imevurugika. Hii ligi yetu mpya, iliyounganishwa viraka viraka kwa vyuo vilivyoachwa, imepata televisheni ya kuionyesha, lakini televisheni yenyewe ina nafasi Alhamisi tu. Wakauliza nani yuko tayari kuhamisha mechi, na chuo chetu kikanyoosha mkono kabla swali halijaisha, maana timu isiyoonekana haiitwi popote. Kwa hiyo mechi ya Novemba imeletwa mbele, itachezwa Alhamisi tarehe 10 Oktoba, huko Texas. Wade ataondoka hapa Jumatatu na helmeti zote za wachezaji na kila kifaa cha timu, na hatarudi mpaka Jumapili. Mimi nazaa Ijumaa.

Alikwenda kumwona mkubwa wake. Alitoka ameikunja kofia kama kitambaa cha meza. Hakuna mwingine mwenye leseni ya lori lile. Akasema ataacha kazi, nikamwambia ukiacha kazi mimi na watoto tutakula ratiba? Daktari naye harudi mpaka tarehe 25, na anasema kwa kovu langu la kwanza mtoto asingoje hadi hapo. Mama mkwe yuko Alaska na mguu wake kwenye plasta.

Hattie atakaa kwa jirani. Lakini mle ndani nitaingia peke yangu. Mara ya kwanza Wade alinishika mkono huu na mama akanishika huu. Baba, naogopa. Sikuambii uache mechi yako. Nakwambia tu nilipo.

Mwanao,
Kenzie

---

Sorrel, 21 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia sana. Natumaini ulivuka milima salama na goti halikukusumbua kwenye breki. Sisi wote wazima. Lyle ana siku kumi leo, ananyonya kama anayelipwa. Kidonda changu kinapona vizuri, nesi amekitazama jana akasema nimeshonwa kama mto wa arusini.

Umesahau miwani yako juu ya friji. Nitaituma. Hattie anaivaa akisema yeye ni Babu, halafu anaguna.

Baba, bado sijakushukuru inavyopasa. Ulipokuwa hapa kila nikianza ulikuwa unasema maziwa yanachemka, hata kama jiko limezimwa. Basi sasa uko mbali, utanisikiliza. Ile Alhamisi nilikuwa nimekaa jikoni napanga vitu vya hospitali huku nalia, nikasikia gari, nikafikiri ni jirani. Kumbe ni wewe mlangoni na kofia yako ya bluu ya Mabaharia, katika mji huu ambao hata mbwa wanavaa nyekundu. Hattie akakutazama juu mpaka chini. "Babu, umevaa kofia ya wabaya." Ukamwambia, "Ndiyo, na nimekuja kulala kwenu." Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Na yule nesi kesho yake! "Mzee, wewe karibu, ila kofia ibaki nje. Hiki ni chumba safi, hatuingizi vijidudu." Ukamjibu, "Vijidudu hivi viliwafunga miaka sita mfululizo." Akasema, "Na mlipochoka kutufunga mkakimbia ligi." Nililala pale juu ya kile kitanda chembamba nikawasikia mnabishana, nikaona mwili unalegea, hofu yote ikateremka miguuni ikatoka. Sijui kama ulijua unanitibu.

Nakumbuka mkono wako. Mkavu, mkubwa, hautetemeki. Nakumbuka ulivyoshika simu kwa mkono wa pili, Wade akiwa ameegesha lori kando ya barabara huko Texas, na Lyle alipolia ukaisogeza simu karibu na mdomo wake. Halafu ukamwambia Wade, neno la kwanza tangu Juni, "Ana masikio yako, pole yake." Wade anasema alicheka na kulia pamoja, polisi akasimama kumuuliza kama ana shida.

Alipofika Jumapili mlizungumza breki tu, breki na matairi, siku tatu nzima. Mimi kwangu ilitosha. Ila lile la ng'ombe bado linamuuma, nakwambia ukweli.

Sasa swali langu. Jumamosi ile Mabaharia walicheza, saa sita mchana, kama ulivyosema. Nilikuwa nimelala hospitalini na televisheni iko ukutani mbele yetu, nikakwambia washa, Baba, umekosa kiti basi usikose picha. Ukaanza kumenya chungwa. Ulimenya machungwa manne, hakuna aliyeyala. Kile kiti ulimwachia nani? Nimewaza labda unaumwa na hutaki kusema. Nijibu, nisije nikawaza mabaya zaidi.

Mwanao akupendaye,
Kenzie

---

Hadley, 30 Oktoba

Mwanangu Kenzie,

Salamu kwako, kwa Hattie, kwa Lyle na masikio yake. Miwani imefika. Siumwi. Nimepima hadi damu kwa ajili yako, hakuna kitu.

Kiti sikumwachia mtu. Sina kiti.

Mwezi wa Mei chuo kilituma barua nzuri, karatasi nene. Wameingia ligi kubwa, uwanja unapambwa ulingane na ligi, na upande wetu unageuzwa vyumba vya vioo vya wafadhili. Mwenye kiti cha zamani anaweza kuhamishiwa kwingine, ila kwanza atoe zawadi, kila mwaka, kabla hata ya kununua tiketi. Nimeishi miaka sitini na nane sijawahi kuona zawadi iliyoandikwa bei. Nilikwenda ofisini nikidhani wamekosea. Msichana wa pale alikuwa mpole, akanipa na maji. Akasema, "Lakini mzee, usijali, mechi zote zitaonyeshwa. Unaweza kutazama ukiwa nyumbani." Nilimwambia asante. Nilikaa garini muda mrefu.

Kiti cha mama yako sikuwahi kumuuzia mtu. Nilikuwa naweka koti langu pale.

Wiki tatu baadaye ndipo nilipokuja kwenu kwenye keki. Wade akawa anaeleza habari za Duane, jinsi watu wanavyotupwa, na mimi nikaona akiendelea kidogo nitalia mbele ya watoto. Basi nikamrushia yeye lile la ng'ombe. Lilikuwa langu mimi. Mimi ndiye televisheni hailipii macho yake. Na barua niliyokuandikia Septemba, ile ya miaka thelathini na moja na mechi ya saa sita, ilikuwa ya uongo. Nilikuwa radhi uzae peke yako kuliko ujue kwamba baba yako ametolewa uwanjani. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaichana, hii ni ya tatu, naiacha hivyo.

Barua yako ya kwamba unaogopa ilinikuta nimekaa na tai ya Jumapili shingoni bila pa kwenda. Nikavaa viatu nikaja kwenu.

Mwonyeshe Wade barua hii. Mimi kwa mdomo sitaweza.

Tangu nianze kuiandika nalala usingizi mzuri, hata samaki nimerudia kukausha.

Baba yako

---

Sorrel, 8 Novemba

Baba yangu,

Nakuamkia. Hatujambo, theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka kabla Hattie hajapata buti la pili. Lyle ametabasamu Jumanne. Nesi anasema ni gesi. Nesi hajui kitu.

Barua yako niliisoma mara moja peke yangu, nikalia, halafu nikafurahi, unisamehe, nikafurahi sana kwamba huumwi. Nilikuwa nimeshakuzika, Baba. Alasiri nilimsomea Wade. Alikuwa anamfunga Lyle nepi. Nilipofika pale pa yule msichana na maji alisimama, akanikabidhi mtoto nepi ikiwa upande mmoja, akachukua funguo akatoka. Nikasema haya, nimeharibu. Nilikaa naye Lyle mapajani, nusu amevaa nusu hajavaa, nasikiliza barabara.

Alirudi baada ya saa moja na karatasi. Alikuwa amekwenda ofisi ya chuo. Wafanyakazi wana haki ya viti viwili vya familia, sisi kimoja tulikuwa hatujawahi kukichukua. Ni upande wa mashariki, benchi la alumini, hakuna paa, upepo wa mashamba unapita katikati ya mifupa, na hakuna anayeombwa zawadi. Mechi ya mwisho ya nyumbani ni Jumamosi ya tarehe 23. Nikamwuliza, "Na kofia yake?" Akasema, "Avae. Tumzomee vipi asipovaa? Nimeshawaambia jamaa wote wa safu ya kumi na mbili, wameshaanza mazoezi ya kumzomea." Halafu akaingia chooni akafungulia maji ili nisimsikie akilia. Nyumba hii ina kuta za karatasi, nilimsikia.

Karatasi iko mbele yangu, amenipa niibandike stempu. Mwenye kiti lazima aandikwe jina, na kuna mstari unaouliza huyu ni nani kwako, na visanduku vya kutia alama. Cha mkwe kipo, Baba, cha tatu kutoka juu. Hakukitia alama. Amechora mstari mpya chini yake na kalamu yake ya mle lorini, ile inayovuja, akaandika kwa herufi kubwa: BABA.

Mwanao,
Kenzie