Pindo la Kope

Machakos Mjini,
Jumatatu.

Kwa mdogo wangu Sumayya, mwana wa mwaitu, mama yetu mmoja,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kangundo, wewe na wajukuu, na kwamba lile goti limetulia. Mimi bado napumua, ingawa daktari wa moyo ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Nivumilie mwandiko.

Jirani yako Nduku aliponiletea maparachichi yako alinieleza kwamba umepata miadi Nairobi ya kupunguzwa ngozi ya kope. Anasema umechoka kuitwa Mama Usingizi pale sokoni, na kwamba umemwambia anayetaka kuona kazi safi ya macho anitazame mimi, dada yako, tangu nitolewe mtoto wa jicho. Alicheka, nami nikacheka naye. Alipoondoka nililia.

Kope hizi nzito tulizirithi kwa baba. Unakumbuka wanafunzi wangu waliapa kwamba Mwalimu Ruqaya anafundisha akiwa amelala. Basi sikukatazi. Lakini mwambie daktari yale unayoyaficha: vidonge vya kuzuia damu isigande, ule ugonjwa wa tezi ya shingo, na jinsi macho yanavyokuwasha kila kiangazi kama yametiwa mchanga. Usiache vidonge kwa shauri lako mwenyewe. Muulize kama kope ndiyo kazi aliyosomea, na umwombe akupime machozi. Uvimbe na weusi vitakaa majuma, kwa hiyo usiahidi kwenda harusi ya mtu. Na akisema panatosha, mwache.

Nayasema haya kwa sababu niliwadanganya nyote. Sikwenda kutolewa mtoto wa jicho. Nilikwenda kukatwa kope. Daktari alinichora mistari kwa kalamu, akanipa kioo, akanieleza kwamba ngozi itakayobaki ndiyo itakayonifumba macho. Nikamwambia apandishe mstari, atoe zaidi, nisije nikarudi tena. Alikataa. Nikabembeleza, nikamtania kwamba anaogopa mkasi, mpaka akakubali. Mimi, binti wa fundi Ayub, ambaye hakushona sare ya mtoto bila kuacha pindo, akisema nguo hukatwa na kesho yake!

Tangu siku ile macho yangu hayafungiki. Nalala yakiwa nusu wazi, nimeyapaka dawa ya mafuta na kuyafunika kitambaa. Ndiyo maana nilikataa kulala kwako hata Idi, ukanuna ukidhani nakudharau. Na yale machozi mliyoyasifu tulipomzika mume wangu Zubair, mkisema nilimpenda hadi mwisho, mengi yalikuwa ya upepo na vumbi. Nilimpenda, Sumayya. Lakini siku ile sikujua lipi lilikuwa chozi lake.

Nina ombi moja. Saa yangu ikifika, nataka wewe ndiye unifumbe macho. Utazivuta kope, nazo hazitakutana. Usilazimishe, wala usiwaonee haya wanawake watakaoniosha. Nifunike uso kwa leso ya mama, kisha uendelee. Usidhani nimekataa kuondoka, au kwamba kuna mtu ninayemngoja. Ni ngozi tu haikutosha.

Wabusu wajukuu. Mwambie Nduku maparachichi yameiva vizuri. Mungu akulinde, na akuachie macho yako.

Dada yako akupendaye,
Ruqaya