Kilio cha Jambiani Siku ya Mashindano

Jang'ombe,
Unguja.
9 Septemba 1997

Kwa Mzee Zahran,
Kengeja, Pemba.

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea hukuhuku, maana najua huwezi kuisikia shikamoo ukaiacha chini. Kifua kinaendeleaje na baridi hii ya kusi? Na goti? Na ule mkarafuu wa nyuma ya nyumba uliosema unakauka, umekauka kweli au ulikuwa unanitisha nirudi? Sichana anayekusomea barua hii naye hajambo? Mwambie asiruke maneno, hata akifika pahala ambapo wewe hutapapenda.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mikono imeliwa na chokaa na mgongo unalia usiku kama mlango mbovu. Bado tunaitengeneza ile nyumba kubwa ya Mji Mkongwe itakayokuwa hoteli. Kazi yangu ni kubeba karai la chokaa mpaka darini, kushuka, kubeba tena. Aliyezijenga ngazi za nyumba ile hakuwa akipenda wageni. Lakini nakula, nalala, na nasali. Usiwe na wasiwasi.

Sasa nina habari, na haielezeki bila kumtaja Shangazi Jokha. Najua jina lake hulitaki ndani ya nyumba yako tangu Bibi alipofariki. Nilikuwepo siku ile alipofika watu wameshazika, nikakusikia ukimwambia palepale mlangoni kwamba asiyemzika mama yake asije kukuzika wewe. Miaka saba sasa binti yako hajakanyaga Pemba. Nivumilie, Babu, maana humu nitamtaja sana.

Mambo yalianza hivi. Kuna Wazungu walitengeneza mashindano ya mambo matatu kwa siku moja: kuogelea, kupanda baiskeli, halafu kukimbia, bila ya kupumzika katikati. Kuogelea ni hapa mjini, mbele ya Forodhani. Baiskeli ni kutoka mjini mpaka Paje, ukateremka kwa Jambiani mpaka Makunduchi. Halafu unaiacha baiskeli Makunduchi, unarudi kwa miguu njia ileile mpaka Paje, na ufike kabla ya saa kumi, ukichelewa huhesabiwi. Wenyeji tuliambiwa tuingie bure, tutapewa fulana na chakula. Mimi nilijiandikisha kwa sababu moja tu: tulipewa na ruhusa ya kutokwenda kazini.

Msimamizi wetu, Mahfoudh, alicheka mpaka akashika ukuta.

"We Mpemba, mwili wenyewe huo wa kuombewa dua, utashindana na watu wanaokula nyama kila siku?"

"Siendi kushindana," nikamwambia. "Nakwenda kupumzika na makarai yako."

"Haya, kapumzike. Jumatatu ntakuongezea moja."

Lakini baada ya hapo sikulichukulia mchezo. Kila Alasiri tukitoka kazini nilikwenda na baiskeli mpaka Tunguu na kurudi. Ni baiskeli ya Kichina, kaniazima mwenzangu anayechukulia muhogo. Niliing'oa keria ili iwe nyepesi, na hata hivyo uzito wake ulikuwa ni wa punda aliyekataa kwenda. Nilianza kutaka kumaliza, Babu. Si kushinda. Kumaliza tu, niwe na kitu kimoja hapa Unguja nilichokifanya mwenyewe na si cha kubebeshwa.

Jumapili ikafika. Kuogelea hakukunitia hofu, kwani wewe mwenyewe ulinitupa majini nikiwa sijui hata kufunga kikoi. Taabu ilikuwa nguo. Sikutaka kukaa na magoti wazi mbele za watu, kwa hiyo nilimpa fundi wa Vikokotoni anishonee kaptura ndefu. Akanishonea na mifuko. Nilipoingia baharini ikajaa maji kama gunia, nikawa naiburura Forodhani nzima. Nilitoka pwani wenzangu wengi wameshaondoka na baiskeli zao, macho yangu mekundu kwa chumvi kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Yakumbuke macho hayo.

Mpaka Tunguu nilikwenda vizuri. Jozani kima walikuwa juu ya miti wametulia, wanatutazama tunavyohangaika. Kutoka Paje kwenda Jambiani ndipo kusi aliponikamata usoni, na njia ni mchanga na mawe. Nikainamisha kichwa, nikawa naangalia gurudumu tu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililotaka kukueleza. Nyumba ya Shangazi iko kandokando ya njia. Nilimwona kabla hajaniona, amekaa nje anachambua mwani wake. Nikajua nikisimama nitaambiwa nikae, nile, nieleze habari za mjini, na saa kumi itanikuta hapo na sahani mkononi. Nikasema moyoni nitamwamkia nikirudi. Nikapita. Sikutoa shikamoo, sikunyanyua hata mkono. Nyumba ya tatu mbele ni kwa Bi Mwamvua, jirani yake, na hapo palikuwa na meza ya maji ya mashindano. Nikashuka. Sikuwa na sauti, nikanong'ona naomba maji. Bi Mwamvua akanishika bega, akanimiminia mengine kichwani. Nikapanda, nikaenda zangu.

Babu, wewe unajua msiba unavyopelekwa. Mjumbe hamwendei mwenye kufiwa. Hupita kwake bila ya kusimama, akawaambia kwanza majirani, ili wao waende wakakae naye kabla hajajua. Sasa jiweke pale alipokaa Shangazi. Mtoto wa ndugu yake, aliyetoka nyumbani kwa baba yake Pemba, anapita mbio, kichwa chini, macho mekundu, hamsalimu. Anashuka kwa jirani, anasema kitu kwa sauti ya chini, jirani anamshika bega.

Shangazi aliinuka akamfuata Bi Mwamvua. Bi Mwamvua akamwambia hakuna kitu, mtoto kataka maji tu. Na hivyo ndivyo majirani wasemavyo siku zote!

Mimi wakati ule hayo sikuyajua. Nilifika Makunduchi, nikaiacha baiskeli, nikasali Adhuhuri, nikaanza kukimbia. Kukimbia ni jina tu. Miguu ilikuwa kama si yangu, naiomba hatua mojamoja. Faraja ni kwamba kusi sasa alikuwa mgongoni ananisukuma.

Kufika Jambiani nikaona mikeka imetandikwa nje ya nyumba ya Shangazi. Wanaume wamekaa kimya. Wanawake ndani wamejitanda kanga, na nyuma ya nyumba moshi, sufuria kubwa iko jikoni. Nikamfuata mzee mmoja mkekani, nikauliza kwa hofu nani kafariki.

Akanitazama. "Unaniuliza mimi! Si babu yako? Si wewe uliyeleta habari?"

"Babu yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Bi Mwamvua akatoka ndani mbio. "Uko wapi wewe! Nimeapa mpaka nimechoka, hakuna anayenisikia. Waambie mwenyewe, ulisema nini kwangu?"

"Nilisema naomba maji."

Kisha kijana mmoja akacheka, mzee akampiga kwa kofia, halafu na yeye mzee akacheka. Lakini Bi Mwamvua hakucheka. Shangazi hayupo, akasema. Jaku mumewe katangulia na baiskeli Paje kutafuta gari ya kuwapeleka mjini, waiwahi boti, na yeye Shangazi kashindwa kusubiri, kafuata kwa miguu na furushi lake.

"Nilimwambia, Jokha, baba'ko kakukataza," akasema Bi Mwamvua. "Kanijibu kwamba alimkataza akiwa hai, na maiti hamfukuzi mtu."

Halafu akanivuta pembeni, akaniambia jambo jengine, na hili nakuomba Sichana alisome polepole. Bibi alipofariki, habari ilifika Jambiani asubuhi mapema. Aliyepewa ni Bi Mwamvua. Akaificha mpaka Jaku arudi kutoka shambani, asimwambie mwanamke peke yake. Jaku alirudi jua limeshapinduka, boti imeshaondoka. Shangazi hakuchelewa, Babu. Alicheleweshwa. Na hakukwambia, kwa sababu hakutaka jirani yake alaumiwe kwa kutenda wema. Bi Mwamvua aliniambia huku analia, akasema nikuandikie na jina lake nilitaje. Ndilo hilo.

Sikungoja chai. Nilikuwa sijui kama ninazo mbio, kumbe zilikuwepo. Sikuwa tena na habari ya saa kumi. Nilikuwa namwona Shangazi akipanda gari, akapanda boti, akaingia Kengeja analia, akakukuta umekaa unakula muhogo. Angekufa yeye.

Karibu na kuingia Paje nikaliona buibui mbele yangu, linakwenda mbio.

"Shangazi!"

Akageuka, akaniona, akazidisha mwendo.

"Shangazi, ngoja!"

"Usinambie!" akapiga kelele bila ya kutazama nyuma. "Usinambie njiani, Msabah! Nambie nikifika!"

"Babu mzima!"

"Mzima wapi na wewe umenipita kama humjui mtu!"

Tukaenda hivyo, Babu, mimi namkimbiza na yeye ananikimbia. Mwanamke wa umri ule na furushi kichwani, na mimi mshindani wa mashindano simpati. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaribia nyuma yangu alitupita, akatupigia makofi. Alidhani tunasaidiana.

Mwishowe nikampita, nikasimama mbele yake na mikono nimeitandaza kama anayezuia ng'ombe. Nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba u hai, kwamba wiki iliyopita tu nilipata salamu zako, kwamba nilikuwa kwenye michezo. Akanitazama tangu miguuni mpaka kichwani, zile nambari walizoniandika mkononi, ile kaptura yenye mifuko.

"Michezo," akasema.

"Michezo, Shangazi."

Akalishusha furushi akanipiga nalo mgongoni. Ndani yake mlikuwa na kilo mbili za sukari. Sukari ya matanga yako, Babu, nimeila mgongoni. Kisha akakaa chini mchangani, akalia, akacheka, akalia tena, na mimi nikakaa pembeni yake kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha.

Nikamwambia arudi nyumbani, watu wa mikekani wanamngoja. Akatikisa kichwa.

"Nshafunga mzigo. Nilikuwa nakwenda kwa maiti, sasa nakwenda kwa mtu. Akitaka kunifukuza, anifukuze nimsikie."

Halafu akauliza mbona sisimami nikamalize michezo yangu. Nikamwambia siwezi. Akanikamata kwapani, akaninyanyua kama alivyokuwa akininyanyua nilipokuwa mdogo, akaniambia, "Twende. Umeniliza siku nzima, halafu usimalize?" Tukaenda sote, furushi kichwani kwake, mimi nachechemea. Kwenye utepe akaniachia, nikapita mwenyewe. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na saa kumi bado haijagonga. Wakanivisha nishani shingoni. Jaku alikuwa pale na dereva aliyempata, hajui amcheke nani. Nimemaliza, Babu. Naandika neno hilo na nafurahi kulitazama.

Jana Mahfoudh aliniona nashuka ngazi kwa makalio, ngazi mojamoja. Hakuniongezea karai. Aliniweka kuchunga chokaa isikauke, akasema mpaka miguu yangu irudi kutoka Makunduchi.

Kwa hiyo, kama utasikia huko kwamba umekufa, usikasirike. Umeliliwa vizuri. Mikeka ilijaa, na wengi wao hawajapata kukuona. Aliyekulilia kuliko wote ni yule uliyemkataza kuja.

Nisalimie sana mama, mwambie nguo alizonipa bado zinanitosha. Nisalimie Hisham na watu wa nyumbani kwake, na wazee wote wa msikitini. Sichana, nakusalimu na wewe, na ahsante kwa kusoma bila ya kuruka.

Limebaki moja, Babu. Barua hii sikuitia posta. Shangazi Jokha amelala kwangu hapa Jang'ombe tangu juzi, na kesho asubuhi anapanda boti. Ukisomewa haya, ni yeye aliyempa Sichana bahasha hii mkononi, na ni mimi niliyemwomba asiingie mpaka isomwe yote. Sasa hivi amekaa nje barazani kwako, anasikia sauti ya Sichana lakini hajui wewe unasema nini. Mwite aingie.

Mwenyezi Mungu akuweke mpaka uchoke mwenyewe kutuona.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye siku zote,

Msabah