Kizungu Kirefu cha Barazani

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Neno la leo: magnanimous. Mtu mwenye roho kubwa, asiyeweka kinyongo. Nimelirudia wakati wa kupima maziwa mpaka ng'ombe mmoja akageuka kuniangalia. Kamusi niliyoachiwa na bwana wa zamani wa shamba hili haina jalada, na kurasa za A zimeliwa na mchwa. Basi nilianzia B. Rongai nzima hakuna karani mwingine anayejua "benevolence", yaani ukarimu. Najisifu — ndiyo. Kwani hapa nani anasoma?

Jumatano, 6 Agosti

Bwana mpya hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Mashauri ya Jumamosi pale barazani kwake yote yanapita mdomoni mwangu. Watu wa kambi ya wafanyakazi wameshaamua wenyewe kwamba Kizungu kirefu kina nguvu kuliko kifupi. Mchunga kondoo alisamehewa Jumamosi iliyopita, na wote wanasema ni maneno yangu yaliyomwokoa.

Leo mama Chepkosgei amenijia stoo. Mumewe, dereva wa trekta, tulimzika mwezi wa sita. Nyumba na kishamba walipewa kwa sababu ya kazi ya mume, sasa ameambiwa ahame. Anaomba jambo moja tu: akae mpaka avune mahindi yake.

"Karani, usinisemee kwa kifupi," ameniambia. "Mimi niko na watoto."

Nimeahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeyamaliza maneno yote niliyokuwa nayo! Mama alisema maneno mawili matatu, akaniachia. Mimi nikafungua: lachrymose predicament, yaani taabu ya machozi, beseech, notwithstanding, na ile magnanimous benevolence nikaiweka mwisho. Watu waliosimama uani walitikisa vichwa kwa kila neno. Bwana akatoa leso, akafuta macho. Mzungu kulia mbele ya watu!

Lakini hakukata shauri. Amesema mama arudi Jumamosi ijayo. Naona ni dalili njema. Mtu akiguswa moyo hataki kuamua kwa haraka.

Jumapili, 10 Agosti

Chepkosgei ameniletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Nilikataa, akakiacha mlangoni akaenda zake. Maziwa mazito, yana harufu ya mkaa wa mti wao. Nimeyanywa yote.

Jumanne, 12 Agosti

Owino, mpishi wa Bwana, amenivuta kando karibu na kuni. Bwana hakulia. Alikuwa anacheka. Mezani ameniiga mbele ya Memsahib, mkewe, mpaka akamwaga supu.

"Ndugu yangu, Kizungu mimi nasikia kidogo," Owino amesema, "lakini kicheko nasikia yote."

Jumamosi Bwana amealika majirani waje wanisikie. Ndiyo sababu shauri likasogezwa mbele. Si huruma.

Nimeona haya mpaka masikio yakawa moto. Halafu hasira. Halafu likaja jambo baya kuliko hayo yote: sikumbuki Bwana akimtazama yule mama hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Mama alisimama pale na msiba wake, mimi nikasimama mbele yake na kamusi.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna neno leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwake. Nilimkuta anafukuza ndege shambani. Mahindi yameanza kubeba, ndevu zake bado laini. Nikamwambia kesho nitasema maneno machache tu, ili Bwana amsikie yeye. Hakunielewa. Au mimi ndiye nilishindwa. Ningesema "wananicheka, mama" angeelewa mara moja, lakini mdomo ulikataa. Nikabaki kusifu maneno mafupi kama mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa.

Akanitazama sana.

"Kama ile maziwa ilikuwa kidogo," akasema, "mimi nitaongeza."

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye ngazi za baraza, daftari gotini.

Wageni walikuwa na chai zao. Viti vyote vimegeuzwa upande wangu. Chepkosgei amevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Akasema haja yake, ile ile. Nikasema: Her husband is dead. Her maize is not ready. She asks to stay until she has picked it.

Basi. Mume amekufa, mahindi bado, anaomba akae mpaka avune. Kizungu cha watoto wa shule.

Memsahib mmoja mgeni akauliza kama kweli mimi ndiye yule karani wa maneno marefu. Bwana akaniambia niendelee, niwape yote. Nikamjibu hayo ndiyo yote, Bwana, ndivyo alivyosema. Akakunja uso. Halafu, kwa mara ya kwanza, akageuka akamtazama yeye.

Lakini yeye hakumtazama Bwana. Alikuwa ananitazama mimi, na machozi yanamtoka. Haya yalikuwa machozi.

"Karani, mbona umeniuza? Nimekukosea nini?"

Bwana akauliza amesema nini.

Simu ikalia ndani kabla sijafungua mdomo. Akaenda kuipokea. Akirudi anataka nimwambie, neno kwa neno.

Chepkosgei amekaa ngazi ya chini, amenipa mgongo. Kando ya miguu yake kuna kibuyu kingine, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Alikuja nacho.

Simu imewekwa chini. Nasikia viatu vya Bwana.