Fundi Asiyeshuka Kusalimia

Dada Zaituni, shikamoo.

Huku Singida upepo unatia vumbi hadi kwenye chai, ila kuku wa shangazi ananifariji. Jana aliniambia niache kwanza kupaka rangi dari yake, tukaenda banda la video kuona filamu ya mchoraji wa Italia ya kale. Bwana mkubwa wa mji amempa kazi ya kuchora dari. Anakuja kuikagua, na mchoraji anamjibu akiwa kule kule juu ya jukwaa.

Shangazi akasimama, akamwambia yule mchoraji wa kwenye filamu: “Wewe fundi, shuka umwamkie mzee.”

Banda zima likamuunga mkono, hadi yule anayetafsiri kwa kipaza sauti akamsemea mchoraji: “Shikamoo.” Wazee wa mbele wakaitika pamoja, “Marahaba,” ndipo tukaendelea.

Sasa leo kila mgeni wa shangazi akiingia, lazima nishuke ngazi na brashi yangu, niamkie, nipande tena. Wanakuja mfululizo, nahisi anawaita. Tangu asubuhi nimepaka sehemu ya ukubwa wa sinia tu.

Nitachelewa kurudi. Wakumbatie watoto, na baba mpe shikamoo yangu. Mwambie nimeiandika nikiwa chini.

Mdogo wako, Hamisi