Siku Tumpe Aliponiigiza Mbele ya Baba Mkwe

Jumapili, Aprili inaishia. Mbugani, Kyela.

Mvua imenyesha tangu tukiwa kanisani, ikapumzika kidogo mchana ili watu wale, halafu ikaendelea na kazi yake. Sasa ni usiku. Nimevua viatu vyenye tope la Ndandalo, nimechemsha chai, na furaha bado haijanitoka. Nikisubiri kesho kuandika haya nitakuwa nimeshapoa, na sitaki kupoa.

Nina mtoto, jamani. Nina mtoto hodari!

Mnaonisoma siku zote mnamfahamu Tumpe, binti yangu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Wageni niwaambie tu kwamba huyu mtoto anaigiza. Akiwa darasa la tatu alimwigiza mchungaji akihimiza sadaka, dada zangu wakajikuta wanafungua pochi. Sekondari ndiye aliyetunga igizo la mahafali, akaliongoza, na siku yenyewe akacheza pia nafasi ya mgonjwa, maana aliyepangiwa kuwa mgonjwa aliugua kweli.

Shida yetu ni kwamba matokeo yake yalikuja mazuri mno. Angefeli Kemia pasingekuwa na mjadala. Lakini kafaulu sayansi zote, na wakati ule wa kujaza machaguo sote tulikuwa tumemsimamia begani, kwa hiyo alijaza Fizikia, Kemia na Biolojia, shule ya wasichana hapo Mbeya. Tangu matokeo yatoke ukoo mzima unamwita daktari. Yeye anaitikia kwa adabu, halafu anaenda chumbani.

Anachotaka mwenyewe ni tahasusi yenye Sanaa za Maonesho, katika shule moja kule Morogoro. Mbali kweli. Basi linaondoka Kyela alfajiri, linafika giza limeshaingia. Nilishapiga simu huko kimyakimya, mwalimu akanieleza kwamba wana ukumbi, wana mwalimu wa jukwaa, na matroni analala bwenini na watoto. Tumpe sikumwambia kama nimepiga.

Na dirisha la mtandaoni la kubadili machaguo ya kidato cha tano linafungwa wiki hii.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi ndiye mwenye duka la steshenari. Wiki nzima nimekaa kwenye kompyuta nawabadilishia watoto wa watu. Huyu anatoka historia anakwenda biashara, yule kalazimishwa na mjomba wake, haya, bonyeza hapo, hongera. Wa kwangu ananiletea chai, anasimama nyuma ya kiti changu, anatazama, anaondoka. Afadhali angenuna nikapata sababu ya kumgombeza.

Kila alipoleta habari ya Morogoro nilikuwa na jibu moja tu: "Mimi sina neno mwanangu, ila babu yako hatakubali."

Babu yake ni baba mkwe wangu, mzee wa kakao na mpunga, yuko Ndandalo. Kwa asiyejua mila zetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nikimwona anakuja, najificha. Siongei naye, sili mbele yake, jina lake silitamki wala siliandiki. Siyo chuki, ni heshima, na mimi nimeizoea kama nilivyozoea joto la hapa. Wengi wa siku hizi wameiacha na siwasemi vibaya. Mimi sijaiacha. Tangu niolewe, huyu mzee namfahamu kwa kikohozi chake na kofia yake, basi.

Leo tulikuwa kwake. Aliumwa sana mwanzoni mwa mwaka, Mungu akamwinua, kwa hiyo ukoo ulikwenda kufanya shukrani. Wanaume, wageni na watoto walikaa barazani na uani mbele yake. Sisi wakamwana tulikuwa kando ya ua, kwenye jiko la mianzi, na masufuria yetu ya wali na samaki mbasa. Ukuta wa jiko lile una nafasi za kuchungulia, na mkamwana yeyote wa nyumba ile anajua nafasi yake. Yangu iko karibu na mafiga.

Watu waliposhiba, watoto wakaanza kelele: "Tumpe, tuchekeshe!" Akaanza na shangazi yao anayeongea na simu kana kwamba aliyeko Dar anapaswa kumsikia bila simu. Akafuata na bodaboda aliyekwama kwenye tope huku abiria anamwombea. Babu yake akawa anapiga fimbo sakafuni, "Endelea, mke wangu!" Babu na mjukuu wana utani wao, hapo hakuna mwiko.

Halafu akajifunga kanga kiunoni, akageuza ndoo akaikalia, akavuta miwani isiyokuwepo hadi kwenye ncha ya pua.

Nikajua. Kabla ya mtu yeyote pale uani, nikajua.

Akaanza kuchapa. "Mama, nimesema namba ya mtihani, hiyo ni namba ya simu. Baba, nywila ni siri yako, usinitangazie dukani kwangu. Haya, tahasusi? Mwulize mtoto, siyo wewe unayekwenda kusoma!" Watoto wakapiga kelele, "Mama Tumpe! Mama Tumpe!" Nami jikoni nimejiziba mdomo kwa kanga, nacheka machozi yananitoka. Hivi kweli huwa naongea vile?

Kisha akaleta mteja anayetaja jina lake, na jina lenyewe ni lile la babu yake. Alilitamka waziwazi. Mimi yule wa kwenye igizo nikaruka kutoka kwenye ndoo kama nimeungua, nikasema: "Andika mwenyewe hapo baba, kibodi hiyo." Ni kweli tupu. Akija mteja mwenye jina lile, ndivyo ninavyofanya.

Lakini safari hii watu hawakucheka. Shangazi mkubwa aliweka sahani chini. Mkamwana kuletwa mbele ya mkwe, hata kama ni kwa igizo, hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Nilishika mfuniko wa sufuria nikaukumbatia kifuani, nikasema Yesu wangu, mtoto ametuaibisha.

"Huyo ni nani?" Mzee akauliza.

"Mkamwana wako, Babu. Mama yangu."

"Anakataa kuandika jina langu?"

"Hajawahi kuliandika, Babu. Hata mteja akasirike vipi."

Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua. Ilichukua muda kidogo kuelewa kwamba ni baba mkwe wangu anacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akaletewa maji, akacheka tena. "Endelea," akasema.

Mwe! Mtoto akaendelea. Akanipeleka sokoni, ninachagua nyanya, mara naiona ile kofia inakuja, napiga mbizi nyuma ya magunia ya mchele, na muuza nyanya ananiinamia: "Mama, unanunua au unalala?" Jambo hilo lilitokea. Tumpe alikuwa mdogo, nimemshika mkono, na sikudhani kama aliona chochote zaidi ya nyanya. Kumbe alihifadhi kila kitu, hadi jinsi nilivyokung'uta gauni nikajifanya nilidondosha shilingi.

Baada ya hapo akatuleta nyumbani kwetu, akawa watu watatu peke yake. Akawa yeye: "Mama, nataka kusoma sanaa." Akawa mimi, miwani mkononi: "Mimi sina neno mwanangu, ila babu yako hatakubali." Akageuka upande wa pili, akarefusha shingo, akajikuna kidevu taratibu: "Mama yako amesemaje?" Huyo ni mume wangu kabisa, fundi wa kuchomelea, maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kiganja. Watu walipiga mapaja. Mume wangu mwenyewe alikuwa anakagua viatu vyake.

Mzee hakucheka.

"Mimi nimekataa lini?" akauliza.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye migomba.

"Nauliza. Nani amekuja hapa akaniuliza, nikamwambia sitaki?"

"Baba, sisi tulidhani..." mume wangu akaanza.

"Mlidhani." Akamgeukia mjukuu wake. "Mke wangu, hebu mwondoe babu hapo. Mama yako mwenyewe anasemaje?"

Tumpe alikuwa amerudi kwenye ndoo, kwa mkao wangu. Chochote ambacho angekitia kinywani mwangu wakati ule, ukoo mzima ungekiamini. Angeweza kujisemea ndiyo, akamaliza. Badala yake alifungua kanga, akasimama kwa mkao wake mwenyewe.

"Hapo sina maneno, Babu. Hajawahi kuniambia."

Nitasema ukweli hapa, maana barazani kule nisingeweza. Niliogopa. Mtoto akienda kwenye sayansi akashindwa, watasema masomo magumu. Akienda kwenye sanaa akakwama, watasema mama yake ndiye aliyempoteza. Nikatafuta mtu wa kusema hapana kwa niaba yangu, nikampata mzee ambaye mila zenyewe zinanikataza kumuuliza. Mzee wa watu anajilimia kakao yake, hana habari. Na siku zote hizo nilijua mtoto wangu ana kitu. Nilijua kuliko wote, maana nimemtazama tangu anajifunza kutembea anamwiga kuku.

Wifi yangu Sekela, dada wa mume wangu, akaja jikoni. "Umesikia swali?"

"Mwambie aende," nikamnong'oneza.

"Nimwambie mimi? Leo mimi siyo simu yako. Ukuta huu ni wa mianzi, wifi. Sema."

Nikageukia mafiga, mgongo wangu kwa baraza, heshima yake nikamwachia. Nikavuta pumzi iliyojaa moshi, nikapaza sauti kama ninayeita watoto kuoga:

"Aende! Akasome sanaa, ndicho alichojaliwa!"

Wakamwana wenzangu walinitazama kana kwamba nimeota pembe. Sijawahi kupaza sauti katika nyumba ile, hata siku nilipojifungulia pale.

Kisha Mzee akaongea, na hakuongea na mimi, maana naye ni mtu wa mila. Alielekea uani, akawaambia watu wote na migomba.

"Hee! Sauti ni ileile. Mtoto kampatia kabisa."

Halafu akamwambia Tumpe, "Ndaga fijo, mke wangu. Asante sana. Sasa niambie, hiyo shule iko wapi?"

Kampatia kabisa.

Nililia. Wenzangu niliwaambia ni moshi, na wao kwa upendo wakakubali kwamba ni moshi. Mtu huyu hajawahi kusikia sauti yangu tangu niingie kwenye ukoo wake, na leo ilipotoka aliitambua, kwa sababu binti yangu alishamsikilizisha. Mtihani gani mwingine nilikuwa nausubiri? Kweli nilitaka mwalimu wa Morogoro ndiye aje kuniambia kama mtoto anaweza?

Tuliporudi mjini hatukupita nyumbani kwanza, tulifungua duka. Nikamwambia Tumpe akae yeye kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma. Mtandao ulisuasua kwa sababu ya mvua. Alipofika kwenye jina la shule akageuka kunitazama. Nikamwambia, "Unanitazamia nini? Bonyeza." Akabonyeza. Ikakubali. Hatukupiga kelele, tulishikana tu mikono kwa nguvu hadi pete yangu ikamuumiza.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Akauliza, "Hivi Tumpe, mimi ndivyo nilivyo?"

"Wewe ni rahisi Baba, huna maneno."

Akafikiri kidogo. "Basi siku nyingine ongeza haya. Sema baba yangu amekubali, na anafurahi."

Kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

Sasa wamelala, nami nimebaki na chai iliyopoa. Hofu haijaondoka yote. Kuna ndugu ambao kuanzia kesho watanipigia simu kuniuliza kama nina akili, mtoto wa sayansi nimempeleka akacheze. Nitawajibu mwenyewe. Na nikikataa jambo kuanzia leo, nitalikataa kwa mdomo wangu, nisimsingizie mtu.

Shule zikifunguliwa mwezi wa saba nitampeleka stendi alfajiri, na najijua, nitalia vibaya. Nitafuta pua kwa kanga, nitamwambia avae sweta wakati hakuna baridi, nitafuata basi hadi getini. Na wiki hiyohiyo, bweni zima huko Morogoro litakuwa limeshaona jinsi mama yake anavyolia.

Waone tu. Wajue ametoka kwa nani.