Ndoo ya Jenereta

Alhamisi, 5 Machi 2026

Nimekwangua pembe za fahali Jenereta kwa kipande cha chupa mpaka zikawa kali kama sindano. Jumamosi anapigana hapa Shinyalu. Mkono unauma. Miezi tisa sijaona kwetu Mwingi, na kazi ni ileile: kukata majani, kuzoa mavi, kulisha fahali wa mtu ambaye wote wanamwita Mheshimiwa – na uchaguzi anaogombea ni mwaka ujao!

Vijana wameshinda zizini tena, wamelalia majani yangu. Wandera, mtu wa mkono wa Mheshimiwa, huwafundishia hapo: nani ni wetu, nani si wetu. Eugene, anayeongoza nyimbo za fahali, akasema shuleni walikariri mihimili mitatu ya serikali. Wandera akamwambia ni miwili tu: anayepiga na anayekimbia. Wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo.

Baadaye Mitchel, dada yake Eugene, akaniletea viazi vitamu. "Anko, ongea na huyu mtoto wetu. Wewe ndiye anakusikizanga. Hawa watu watamuua." Nimesema nitaongea.

Jumamosi, 7 Machi

Ngoma za isukuti zililia tangu alfajiri. Nilimpa Jenereta ndoo yake: machicha ya pombe ya busaa, chang'aa, pilipili. Kama kawaida. Uwanjani alimchoma mwenzake usoni, jicho likatoka. Yule akageuka, akakimbia, akakanyaga watu. Tayari amepelekwa buchani. Fahali akikimbia mara moja harudishwi tena.

Damu haijakauka, Mheshimiwa yuko juu ya pikapu. Mmeona? Hiyo ndiyo siasa! Vijana wakapiga mayowe. Eugene alibebwa juujuu. Sikupata nafasi ya kuongea naye.

Sikuitafuta.

Jumatano, 11 Machi

Wandera ameleta mitungi mitatu ya chang'aa. Jumamosi mpinzani anahutubia sokoni.

"Mkamba, wachanganyie vijana kama ile ya Jenereta."

Nikasema hawa ni watu.

"Kwani Jenereta alikufa? Ama umechoka na kazi, urudi kwenu?"

Kwetu hakujanyesha. Nimesema sawa.

Jumamosi, 14 Machi

Nilichanganya. Nilitaka kupunguza pilipili – sikupunguza, Wandera alikuwa amesimama hapo. Eugene alikunywa wa kwanza. Akajifuta mdomo. "Anko, leo utaona!"

Nimeona.

Waliingia sokoni wakiimba nyimbo zilezile za fahali. Mawe yakaanza. Mama mmoja akaangukia nyanya zake, wakamkanyaga. Wakamvuta mtu wa boda kutoka kwenye pikipiki yake kwa sababu alivaa fulana ya upande ule. Alijikinga kichwa kwa mikono. Eugene akampiga rungu mikononi, mara mbili, mpaka mikono ikashuka. Halafu kichwani. Mlio wa rungu kama kupasua kuni mbichi.

Nikamtambua. Chrispinus! Ndiye anayeniletea pumba za Jenereta kila Jumatatu, na Eugene humsaidia kushusha magunia. Nikapiga kelele, "Eugene, ni Chrispi huyo!" Akanitazama. Hakunijua. Macho mekundu, povu mdomoni.

Panga likatoka nyuma likamfyeka Eugene sikio na shavu. Hakuanguka. Hakukimbia. Alisimama hapo anaimba, damu inaingia mdomoni. Mimi ndiye niliyemvuta.

Gari la Wandera lilikuwa limeondoka kitambo, vioo vimefungwa.

Jumapili, 15 Machi

Eugene yuko zizini kwangu. Hospitali hawajampeleka, wanaogopa polisi. Mitchel amemshona kwa uzi wa nguo, mimi nimemshikilia miguu. Alipomaliza akaniuliza bila kuniangalia: Anko, ulimpa nini?

Nikamwambia. Kile ninachompa ng'ombe.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 16 Machi

Pumba hazikuja. Chrispinus amefariki asubuhi. Eugene ameambiwa. Amegeukia ukuta, akauliza kama mtu yeyote alisema yeye alikimbia.

Jumanne, 17 Machi

Wandera amekuja na mtungi mwingine. Watu wa Chrispinus wanajipanga huko barabarani, anasema, lazima tuwatangulie leo leo. Vijana wamejaa uani. Isukuti imeanza.

Eugene ameinuka, bandeji imelowa. Nikamwambia, hatimaye, kaa chini mwanangu. Anajishikilia ukutani. "Nikikaa watasema mimi ni wa buchani. Changanya, Anko."

Mitchel amesimama mlangoni na mundu wangu wa majani. Anasema huyu hapiti. Wandera anacheka, anamwita shemeji, lakini hamsogelei. Amesukuma ndoo kwa mguu mpaka imegusa kiatu changu.

Nimewaambia wangoje, ng'ombe hajala. Nimeingia nayo huku kwa Jenereta, nimeigeuza ndoo, nimeketi juu yake, naandika. Wanagonga mbao. Mkamba! Mkamba, harakisha!

Jenereta ameshiba tangu asubuhi.